Mstari Uliolazwa

Wakati wa vita Kisangani ilikuwa na majeshi mawili ya wageni na kompyuta moja iliyofanya kazi. Majeshi siwezi kuyasemea. Kompyuta ilikuwa mikononi mwangu, katika ofisi ya afya, kwa sababu chuo kilikuwa kimefungwa na mimi ndiye niliyejua kuandika programu. Kila mwezi niliipa idadi ya watoto waliodhoofika kwa njaa, nayo ikachora mstari. Mstari ulikuwa unapanda tu.

Mkuu wetu, aliyewekwa pale na waasi, akaja kuutazama kabla wageni wa msaada hawajafika. Wageni hao ndio waliowaletea watoto maziwa, na mtoto wa dada yangu alikuwa akiyategemea. Mkuu akaukunjia mstari uso, akaniita leki, yaani mdogo wake.

"Leki, huu mustari iko naleta fitina. Ulaze."

Nikamweleza kwamba idadi ni ile ile, ila programu hukubali kuambiwa mhimili wa wima uanzie wapi na uishie wapi. Ukileta kilele cha mhimili karibu na idadi, mstari unasimama. Ukikipeleka mbali, unalala.

"Bon. Peleka kilele mpaka hesabu ya watu wote ya ville."

Nikaandika amri, kilele kikawa idadi ya watu wote wa mji. Mstari ukalala sakafuni, chali.

"Voilà! Ville iko calme," akasema, akiridhika na utulivu wa mji, akaomba chai.

Mchana ule dada yangu alipita ofisini, mwanawe mgongoni. Akaikodolea macho karatasi ya grafu, akaniuliza mimi mkubwa wake.

"Yaya, mutoto yangu iko wapi humu?"

Nikamwonyesha wino. Mtoto na wenzake wote walikuwa wameenea ndani ya unene wa mstari. Hakucheka, wala mimi sikuwa nikifanya mzaha.

Wageni wa msaada walikuja, wakaiona grafu, wakatupongeza. Kisha wakaamua maziwa yaende Isangi, mji ulio mbele yetu mto unakoelekea. Isangi hawakuwa na kompyuta, kwa hiyo njaa yao bado ilionekana kwa macho. Nilikasirika. Mkuu naye alikasirika, maana maziwa ya chai yake yalitoka kwenye makopo yale yale.

Akina mama hawakungoja mkutano. Walipanda mitumbwi na watoto wao, wakashuka mto kuyafuata maziwa, dada yangu akiwa miongoni mwao. Mwezi uliofuata idadi ya mji ikapungua.

Mkuu akaja mbio.

"Leki! Inashuka! Sasa leta kilele karibu, watu waone muzuri!"

"Chef, watoto wameenda Isangi."

"Isangi iko na kompyuta?"

"Hapana, chef."

"Alors, problème iko wapi?"

Nikaleta kilele karibu. Mstari ukaporomoka vizuri kabisa, mkuu akapiga makofi. Katika mteremko ule dada yangu alikuwa anashuka mto na mwanawe mgongoni, akikimbia njaa ambayo ofisi yetu ilikuwa imekwisha kuiponya.