Aliyechora Visogo

Mimi sanaa siipendi, na wasanii ndio kabisa. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadai nilikwenda kwenye kile kikao kwa mapenzi ya picha. Nilikwenda kwa sababu Brashi ni mdogo wangu, binti wa mama yangu mdogo, na tangu aje huku ugenini kusomea uchoraji alikuwa akilala kwenye kochi langu na kuniachia madoa ya rangi mpaka kwenye taulo.

Mji wenyewe una roho mbaya. Miaka yote hii nafua mashuka ya hospitali yao, na bado jirani yangu wa ukuta kwa ukuta akiniona kwenye ngazi anajifanya anatafuta funguo, nazo anazo mkononi. Brashi mambo hayo yalimuuma zaidi, maana yeye alikuja na moyo wa kupenda. Kila siku isiyo na masomo alizunguka kumbi za picha. Kwenye ule mkubwa wenye ngazi za mawe, mlinzi alimfuata chumba hadi chumba huku wenyeji wakipita kama kwao. Akahamia kumbi za mtaa wa nyuma ya reli, kwenye maghala ya zamani yaliyopakwa chokaa, ambako watu husimama na glasi na kuzipa picha mgongo. Huko nako hakuna aliyemgeukia. Jioni moja alirudi, akajitupa kwenye kochi.

"Dada, mji mzima huu nimeona visogo tu."

"Basi si uvichore hivyo hivyo visogo vyao," nikamjibu. Nilikuwa nimetoka kazini na hasira zangu.

Kumbe mwenzangu kalishika. Baba yake ni mchora mabango, na Brashi amekua akichora vichwa kwenye vibao vya vinyozi. Akavichora visogo vya mji huu kwa mtindo ule ule: rangi ya mafuta inayong'aa, mstari mweusi kuzunguka, shingo nyekundu za wazee, nywele za akina mama zilizobanwa hadi ngozi ikavutika. Chini ya kila kisogo aliandika kwa herufi nene zenye kivuli: KARIBU. Mimi nisiyependa sanaa nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Ndipo akajitokeza Gwiji. Huyu ni mtu wa kwetu, aliyehamia huku zamani, mchoraji mwenye jina kubwa. Hilo la Gwiji tulimpa sisi kwa kejeli, naye akalivaa kama suti. Alimkuta Brashi kwenye moja ya maghala yale, akamwita "mwanangu," na mtoto wa watu, aliyekuwa na kiu ya kuitwa chochote, akayeyuka. Akawa habanduki kwenye karakana ya Gwiji. Anaosha brashi, anawamba turubai, anapiga rangi ya chini. Kisha Gwiji akaviona visogo, akavitaka. Brashi akawa anachora, Gwiji anatia sahihi.

"Mbona jina ni lake?" nilimuuliza.

"Dada, karakana ni yake. Hata kwa baba, mwanagenzi anachora, fundi anatia sahihi. Siku yangu ikifika, yeye mwenyewe atanitambulisha."

Kwa baba yake ndivyo ilivyo, sikatai. Lakini kule mteja akisifu kibao, fundi humwita mwanagenzi atoke ndani aonekane. Gwiji alifanya onyesho lake, visogo ukuta mzima, magazeti yakampamba, na Brashi akiwa mlangoni anapokea makoti ya wageni. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako. Akaninunia, kana kwamba mwizi ni mimi.

Mwisho wa mwaka akatundika chuoni visogo vingine, hivi vyenye jina lake mwenyewe, kwa ajili ya mtihani. Mkuu wa chuo alivitupia jicho, akasema ni wizi: kazi hizi ni za Gwiji, na mji mzima umeshaziona. Wakaitisha kikao. Akikutwa na hatia anafukuzwa, na akifukuzwa, kibali cha kuishi huku nacho kimekwisha. Anarudi kwa baba yake na sifa ya mwizi. Walimruhusu kuja na ndugu mmoja wa kumtafsiria pale lugha itakapomshinda. Nikaomba ruhusa kazini, nikavaa gauni langu la misibani.

Kilikuwa chumba chenye meza ndefu na madirisha yasiyofunguka. Visogo vilikuwa vimeegemezwa ukutani kama washtakiwa wenza. Brashi akaeleza tangu mwanzo, na walimu wakamsikiliza huku wakiangalia saa.

"Una ushahidi?" mkuu akauliza.

Hakuwa nao. Nani anamwekea ushahidi mtu anayekuita mwanangu?

Gwiji akaitwa. Aliingia na skafu yake shingoni, na walimu wakainuka kumpa mkono. Akamimina lugha yao kama maji: binti alikuwa akija kumtazama akifanya kazi, vijana huiga wanachokipenda, basi wasimwadhibu sana. "Mimi nimekwisha kumsamehe," akamalizia. Damu ikanipanda mpaka masikioni. Kumsamehe!

Kisha akaenda kusimama mbele ya Brashi, kidevu juu, akingoja shikamoo yake. Walimu hawakujua kinachongojwa. Mimi nilijua, na magoti yangu yalishaanza kuinuka yenyewe, maana malezi ni malezi. Brashi hakuinuka. Akamkazia macho, akamwambia kwa Kiswahili, polepole:

"Mambo?"

Gwiji akabadilika uso. "Umesemaje?"

"Nimesema mambo. Si ujibu poa?"

Hapo lugha ya watu ikamkimbia, akabaki na ile aliyonyonya. "Mshenzi wewe! Mimi ndio wa kuambiwa mambo? Nimekuokota mitaani, nikakupa karakana, nikakupa turubai zangu uchore hivyo visogo vyako vya kinyozi! Bila jina langu nani angevitazama? Ungevitundika wapi, chooni? Leo unashindwa kuniamkia?"

Mkuu wa chuo akanigeukia mimi.

"Bwana huyu amesema nini?"

Gwiji naye akanigeukia. Nadhani ndipo alipokumbuka kwamba nimo humo, na nimekuja kufanya nini. Akashusha sauti. "Dada yangu, sisi ni watu wa nyumba moja. Ya ndani hayatolewi nje."

"Shikamoo, mzee," nikamwambia, kwa kuwa mimi nina adabu. Kisha nikawageukia walimu, nikatafsiri neno kwa neno. Hata choo sikukiacha.