Asipouliza, Usimwambie

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha simu, ghorofani kule Point, mtaa wa bandarini, nilikabidhiwa hedifoni na sheria moja. Nilikuwa nimeuguza watu miaka mingi, kwanza Kisumu, kisha hapa Durban, na magoti yalikuwa yamechoka na wodi. Sasa ningewahudumia wagonjwa wa Marekani nisiowaona.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mnakijua kibali cha awali: daktari wa kule akishaandika dawa, kampuni ya bima, hiyo mnayoipokelea simu, lazima ikubali kwanza kuilipia. Ikikataa, daktari huyo ana haki ya kuzungumza na daktari wa bima, na mara nyingi uamuzi hugeuka siku hiyo hiyo. Sheria yetu ilihusu haki hiyo. Msimamizi wa zamu, tuliyemwita Papa Chef kama Wakongomani wamwitavyo mkubwa wao, aliisema hivi: "Mama Akinyi, asipouliza, usimwambie. Njo kazi," yaani ndiyo kazi yenyewe.

Alasiri moja, kwao asubuhi, alipiga simu mama mwenye binti wa kifafa. Dawa iliyomtuliza mtoto ilikuwa imekataliwa. Bima ilitaka aanze na ile ya bei nafuu.

"Alishaitumia, akaanguka bafuni, akavunjika meno," alisema. "Mume wangu kabadilisha kazi, bima ikabadilika, ndiyo mtoto aanze upya? Vidonge vimebaki vya kesho tu."

Nikasubiri aulize. Hakuuliza.

"Mpigie daktari wako sasa hivi," nikamwambia. "Adai kuzungumza na daktari wetu. Leo."

Papa Chef alikuwa akisikiliza kwenye laini. Akaja mbio.

"Eish, mama! Uko unafundisha mteja namna ya kutushinda?"

"Nazuia mtoto asianguke."

"Basi fungua kanisa!"

Meza nzima ikacheka. Yeye hakucheka.

Kabla zamu haijaisha kibali kilitoka. Nami nikapewa onyo, nikahamishiwa dawati la wanaobadilisha anwani, na huko nikastaafia.

Sasa naishi mtaa wa Sydenham, hapa hapa Durban. Nikisimulia haya kanisani hupigiwa makofi, nami hurudi nyumbani nikazunguka jikoni bila kujua natafuta nini. Maana siku ile ile, nikikusanya vitu vyangu, Solange wa meza ya jirani alikuwa akimaliza simu yake: mzazi mwingine, mtoto wa kifafa, dawa ile ile, imekataliwa.

"Alikuuliza?" nikamwuliza.

"Hapana, mama." Akavua hedifoni. "Alisema asante sana, eti nimemsaidia."