Reli ya Mpanda Iliyojengwa Nyakabanda

Wiki iliyopita seremala mmoja wa Nyakabanda alinipigia simu nikiwa natoka sokoni Kimironko. Hakusalimia. Alisema, "Dogiteri amekufa," na nikasikia randa ya mtu mwingine ikifanya kazi nyuma yake. Baadaye akauliza kuhusu mazishi: "Tunaenda ao hatuendi?" Wasomaji wangu mtanisamehe nikianza hivi. Nimeandika hapa kumbukumbu za watu wengi, na karibu wote niliwapenda. Huyu naye nilimpenda, lakini alitufanyia jambo mimi na huyo seremala, na tangu siku ile hatukuwahi kukaa naye tena. Sasa amekufa na gazeti hili limenipa nafasi yangu ya kila wiki. Nikimpamba nitakuwa nadanganya, na nikinyamaza itakuwa kama kwamba hakuna kilichotokea.

Hakuwa daktari. Alikuwa mfamasia mwenye duka la dawa pale Nyakabanda, lakini mtaa mzima ulimwita Dogiteri na yeye hakuwahi kuukosoa mtaa. Alikuwa mtu wa majivuno kidogo, koti safi, miwani iliyoning'inia shingoni, na hakupenda mteja amwambie ni dawa gani anataka. Mimi nilimfahamu kwa sababu ya kikohozi. Nilikuwa nasubiri zamu yangu nikaona juu ya rafu, katikati ya maboksi ya dawa, behewa dogo la bati lenye urefu wa kiganja. Nikasema kwa sauti, nikijisemea tu, kwamba lile lilikuwa behewa la daraja la tatu. Aliweka chini chupa aliyokuwa ameshika, akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia nimekulia Tabora, na kila mtoto wa Tabora wa wakati wetu aliyajua mabehewa kama anavyowajua mbuzi wa jirani. Aliwaacha wateja wamesimama. Yeye wazazi wake walikuwa wakimbizi kutoka hapa Rwanda waliokaa Mwese, kule Mpanda, na shule ya sekondari alisomea Tabora, kwa hiyo kila likizo alipanda treni ya Mpanda hadi Kaliua, akabadilisha, akaendelea. Alizungumza juu ya njia ile mpaka mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akamwomba kwa upole ampe dawa yake aende.

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika chumba cha nyuma ya nyumba yake. Kilikuwa stoo ya maboksi, akakisafisha, akaweka meza ndefu kuzunguka kuta tatu. Vichwa vya treni na reli zake nyembamba alitumiwa na shemeji yake aliyeko Ubelgiji. Vilivyobaki alitaka vitengenezwe hapahapa. Lengo lake lilikuwa moja tu: kuijenga njia ya kutoka Mpanda hadi Kaliua, ndogo, lakini kama ilivyokuwa alipokuwa mvulana, pamoja na stesheni, matangi ya maji, miombo, na wauza asali wa kando ya njia. Mimi sikuwa na ufundi wowote wa mikono zaidi ya rangi. Nikapewa kupaka mabehewa, kuandika majina ya stesheni kwa brashi ya nywele chache, na kupanda miti ya sponji. Na kwa kuwa kazi ya mbao ilimshinda, akamwita seremala aliyekuwa amemtengenezea rafu za duka.

Seremala huyu alikulia Bujumbura, akarudi Rwanda akiwa mtu mzima, na hajawahi kupanda treni hata siku moja. Nadhani hata kuiona hajaiona, isipokuwa kwenye televisheni. Alikuja siku ya kwanza kupima meza, akatazama kichwa cha treni kikizunguka kipande kifupi cha reli, akaomba kizungushwe tena. Jumamosi iliyofuata alikuja bila kuitwa. Tukawa watatu. Jumamosi za umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, tulianza baada ya kufagia barabara na kusikiliza mkutano. Jumamosi nyingine tulianza asubuhi, na mke wa Dogiteri alituletea chai ya maziwa na mihogo, akituuliza kwa Kinyarwanda kama treni imefika au bado iko njiani. Tulifanya hivyo miaka mingi. Hakuna aliyekuwa akitulipa wala aliyekuwa akitutuma. Katika nchi isiyo na reli hata moja, wanaume watatu wenye mvi walikuwa wakibishana kama mataruma yaliyo chini ya reli yamekaribiana mno.

Nitaeleza jambo moja tu ili mwelewe seremala alikuwa mtu wa namna gani. Ilipofika zamu ya daraja la Mto Ugalla, Dogiteri alimchorea. Seremala akatengeneza, Dogiteri akasema sivyo. Akatengeneza tena. Baadaye seremala akaacha kuuliza daraja lilikuwa na umbo gani, akauliza abiria walisikia nini. Dogiteri alifikiri, akasema kwamba treni ikiingia darajani sauti ya magurudumu ilibadilika, ikawa tupu, na mtoto aliyelala alizinduka kwa sababu ya mabadiliko hayo. Seremala akaenda zake. Aliniambia baadaye kwamba alishuka hadi Mto Nyabarongo akasimama chini ya daraja la barabara kusikiliza malori. Daraja alilolileta lilikuwa na uwazi chini yake, kama sanduku la gitaa, na treni yetu ilipopita juu, sauti ilibadilika. Dogiteri alivua miwani, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi. Hatukumfuata. Aliporudi alisema tuendelee.

Ndiyo maana siku tuliyokuta chumba kitupu tulidhani kwamba ameibiwa. Ilikuwa Jumamosi kama nyingine. Seremala alikuwa amebeba banda la mizigo la stesheni ya Kaliua, amelifunga katika kitambaa. Meza hazikuwepo, reli hazikuwepo, na ukutani zilibaki alama za skrubu. Mke wake alitukaribisha sebuleni, akatupa chai, lakini hakututazama usoni. Alisema mzee yuko Masoro, kwamba gari lilikuja katikati ya wiki, na kwamba alidhani tunajua. Nikampigia Dogiteri simu. Alikuwa mchangamfu kuliko kawaida yake. Alisema kampuni moja ya kusafirisha mizigo, yenye maghala kule Masoro, imeiona kazi na kuipenda, itaiweka katika ukumbi wake wa mapokezi, na kutakuwa na sherehe ambayo tumealikwa. "Mtaiona," alisema, kama mtu anayewaahidi wageni kitu ambacho hawajawahi kukiona.

Tulikwenda. Seremala alivaa suti aliyomwozea binti yake. Ukumbi ulikuwa wa vioo na marumaru, na katikati, chini ya taa nzuri, ndiyo ile treni yetu inatembea. Mabehewa yangu yalikuwa yamepakwa upya rangi za kampuni. Dogiteri alitoa hotuba kwa Kifaransa halafu kwa Kiingereza, akasimulia Mwese, shule, likizo, akasema kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa peke yake katika chumba kidogo na kumbukumbu zake. Watu walipiga makofi. Mbele ya meza palikuwa na kibao cha shaba, kimeandikwa kwa Kiingereza. Seremala alikisogelea, akakitazama muda mrefu, kisha akaniuliza taratibu wameandika nini pale. Sikuwa na njia ya kukwepa. Nikamtafsiria kwamba imeandikwa jina la Dogiteri, na kwamba kazi yote ni ya mikono yake.

"Na majina yetu iko wapi?" akauliza.

Nikamwambia hayapo. Alimaliza Fanta yake, akarudisha chupa mezani, akamuaga mlinzi mlangoni na kutoka. Mimi nilibaki, kwa sababu nilitaka kusikia kwa masikio yangu. Nilimpata Dogiteri pembeni ya dirisha nikamuuliza amefanya nini. Alianza kwa kusema kwamba waandishi wa kile kibao ni watu wa kampuni, siyo yeye. Nikamuuliza na hotuba, je, waliiandika wao? Hapo akakunja uso. Aliniambia jambo ambalo nimelibeba hadi leo: "Ile ni njia yangu ya kwenda shule, ndugu yangu. Wewe na fundi mlinisaidia tu. Ninyi mlikuja kucheza, mimi nilikuwa nakumbuka."

Nimeyapima maneno hayo mara nyingi, na sitajifanya kwamba hayana uzito. Ni kweli kwamba wa Mwese alikuwa yeye. Bila kumbukumbu zake tusingekuwa na cha kujenga. Lakini daraja lile lililomtoa nje kwenda kukaa kwenye ngazi lilitoka katika masikio ya mtu ambaye hajawahi kuona treni. Kumbukumbu ile haikuwa tena ya mtu mmoja. Na kilichoniuma si kwamba alitoa vitu bila kutuuliza. Vitu vingejengwa vingine. Alipotutoa katika hadithi, alizitoa pamoja nasi zile Jumamosi zote. Nilirudi nyumbani nikijiuliza, kila aliponipa brashi na kunisifia, alikuwa ananionaje? Mtu akikudanganya leo, unapoteza leo. Huyu alinifanya niyatilie shaka mambo ya nyuma ambayo nilidhani yamekwisha kuwa salama.

Baada ya hapo alifunga duka la Nyakabanda, akajenga Ndera, penye nyumba mpya zinazopakana na mashamba ya mahindi. Tulisikia habari zake kwa mbali. Dereva mmoja wa malori ninayemfahamu aliniambia kwamba ile kampuni ilibadilisha uongozi, ikapanga upya ukumbi wake, na treni ikasukumwa ndani ya ghala, maboksi yakawekwa juu yake. Aliniambia pia kwamba mzee mmoja wa miwani alikuja zaidi ya mara moja kuomba aichukue, akajibiwa kwamba ni mali ya kampuni. Nilidhani habari hiyo ingenifurahisha. Haikunifurahisha. Nilimsubiri anipigie simu, na nilikuwa tayari kwenda naye Masoro kuinua upande mmoja wa meza. Hakupiga.

Basi tulikwenda kumzika. Seremala ndiye aliyejibu swali lake mwenyewe. Alisema asipokwenda ataonekana kama yeye ndiye aliyekosa. Baada ya kutoka makaburini tulirudi nyumbani kwake Ndera kunawa mikono, kama ilivyo desturi baada ya mazishi, tukakaa kwenye viti vya plastiki chini ya hema, vinywaji vikagawiwa, na mshereheshaji akaanza kuwaita wasemaji. Mwanawe mkubwa alizungumza vizuri. Alimsifu baba yake kwa uaminifu na bidii, na akasema kwamba ushahidi wa bidii hiyo ni ile reli aliyoijenga peke yake, bila msaada wa mtu. Sikumlaumu kijana. Alikuwa anarudia alichoambiwa. Lakini nilihisi kiti cha jirani yangu kikisogea, na kabla sijamshika mkono seremala alikuwa amesimama.

Hakupaza sauti. Alisema yeye si mtu wa kuzungumza mbele za watu, na kwamba amekuja kumzika Dogiteri kwa sababu alikuwa rafiki yake. "Lakini hakujenga peke yake," alisema. "Madaraja yote ni mimi nilitengeneza. Rangi ni huyu mwandishi. Nasema kwa sababu watoto wake wako hapa, wajue." Mzee mmoja wa ukoo alianza kuguna, na nadhani tungeombwa tuondoke, kama mjane asingeinua mkono wake kutoka pale alipokuwa amekaa, amefunikwa kitenge mabegani.

"Alikuwa anajua, Fundi," alisema. "Tangu watu wa Masoro wamkatalie treni alikuwa akikutaja. Nilimwambia aende kwako. Akasema, nikifika nitamwambia nini?"

Seremala alimgeukia. "Angekuja tu, Mama," alisema. "Mimi ningempa kiti."

Kisha akakaa. Mwana mkubwa alikuja baadaye akatusalimia kwa mikono miwili, akauliza kama tunaweza kumsimulia, si leo, siku nyingine. Tukakubali. Katika mji huu neno msamaha limebeba mambo mazito mno kuliko treni ya bati, kwa hiyo sitalitumia hapa. Niseme tu kwamba nilirudi nyumbani nikiwa bado nimeumia, lakini nimeumizwa na mtu niliyemjua, wala si na mgeni aliyevaa uso wa rafiki yangu. Kwangu tofauti hiyo ni kubwa.

Tunaishi katika mji unaojenga haraka. Kila upande pana jengo jipya, mradi mpya, na kila jengo lina siku yake ya kukata utepe. Hata reli yenyewe tunasikia kwamba itafika, na natumaini nitaipanda. Siku hiyo itakuwa na hotuba na kibao, na kibao daima ni kidogo kuliko watu waliofanya kazi. Hilo haliepukiki. Kinachoepukika ni uongo wa ulimi. Dogiteri hakuhitaji kutuandika kwenye shaba; sentensi moja katika hotuba ile ingetosha, na angebaki na marafiki wawili wa kumsindikiza Masoro mambo yalipoharibika. Aliona kwamba akitutaja atapungua. Kisha alikufa akitaka kututaja, akiogopa njia fupi ya kutoka Ndera hadi Nyakabanda. Kama kuna mtu aliyekushikia upande wa pili wa ubao ulipokuwa unapiga msumari, mtaje mbele za watu leo, wakati yeye bado anasikia na wewe bado una uso wa kumtazama.