Randa ya Babu Iliyogawanywa Kama Mbuzi

Rafiki yangu, mwezi wa nne nilikwenda Mukurweini kumsalimia nyanya, nikarudi na hasira ambayo mpaka leo haijapoa. Kaa nikueleze, na usiniambie nitulie.

Nyanya alikuwa amehamishwa kutoka nyumba ya mbao kwenda nyumba mpya ya mawe. Vijana waliobeba kabati lake la vikombe waliligonga mlangoni, na ukanda wa mbao unaozunguka mlango wa kabati ukavunjika upande mmoja. Kabati hilo babu alilitengeneza mwenyewe walipooana. Ukanda wake una mfereji mwembamba, na kando ya mfereji tuta jembamba lenye mgongo wa mviringo, lililonyooka kama uzi. Fundi mmoja akaitwa kutoka Nyeri mjini. Alilitazama mara moja tu akasema litupwe, kuna mengine ya kisasa. Vikombe vya nyanya vilikuwa ndani ya katoni chini ya kitanda.

"Hiyo kabati nataka niione ikiwa mzima, kabla sijaenda," aliniambia akiwa amenishika mkono. "Tumia ile randa ya guka yako. Si ni wewe unaijua?"

Guka ni babu, na randa yake naijua! Nilipokuwa mtoto, kila Jumamosi asubuhi, babu alitandaza gunia la sukari uani na kuifungua randa hiyo kipande kwa kipande. Haikuwa randa ya kawaida ya kulainisha ubao. Ilikuwa randa ya kazi nyingi: ukibadilisha kisu inachimba mfereji, ukibadilisha tena inatoa tuta, ukibadilisha tena inakata ukingo wa dirisha. Aliinunua kwa mlowezi aliyekuwa akihama upande wa Naro Moru. Hewa yote ilinuka mafuta ya mashine na maranda ya mti wa podo, na jikoni nyanya alikuwa akiwashia moto maranda hayohayo, chai ya maziwa ikichemka mpaka inamwagika. Mimi nilikaa kwenye kigoda na kitambaa changu. Hakuna kipande kilichorudi sandukuni kabla sijakitaja jina na kazi yake. Huu ndio mwili. Hili ni shavu, la kushikilia kisu upande wa nje. Fito mbili za chuma, za kuunganisha mwili na shavu. Mwongozo, wa kutembea kando ya ubao ili mfereji usipinde. Kizuizi, cha kuzuia kisu kisizame. Visu ishirini na kimoja, kila kimoja na nafasi yake. Na mwisho nati yenye masikio mawili, ya kukaza kisu, ambayo mimi niliiita kipepeo. Nikikosea, babu aliniambia, "Chuma hujui jina yake itakupotea," na tulianza upya.

Sasa sikia walichofanya watu wazima.

Babu alipofariki, wazee wa ukoo walikuja kugawa mali. Kwetu kugawa ni kugawa sawa, mtoto asije akamwonea mwenzake wivu. Kwa shamba, sawa. Kwa miche ya kahawa, sawa. Lakini walipofika kwenye karakana, mzee mmoja alifungua sanduku la randa, akaona vyuma vingi, akasema kila mwana apate chuma cha baba yake. Wakatengeneza mafungu matatu juu ya gunia lilelile! Ungedhani wanakata mbuzi, huyu apewe mbavu na yule apewe mguu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne. Nilisema kwa sauti kwamba hiyo ni randa moja. Niliambiwa nikasaidie kuosha vyombo, maana mjukuu wa kike hakuwa na fungu hapo.

Basi mwezi wa nne nikaanza kukusanya mbuzi wetu.

Mwili na shavu vilikuwa Naro Moru kwa baba mkubwa. Nilifika, nikaweka funguo zangu za gari mezani, nikaeleza shida ya nyanya. Alinionyesha mlango wa banda la kuku. Mwili wa randa ulikuwa pale chini, umewekwa kuzuia mlango usifungwe na upepo, umejaa mavi ya kuku. Shavu lilikuwa juu ya pipa la maji, limekalia kifuniko. "Iko na uzito mzuri," alisema, kwa fahari! Nilisugua vile vyuma kwa mafuta ya taa mpaka vidole vikachubuka.

Fito, mwongozo na kizuizi vilikuwa Nanyuki kwa baba mdogo, mwenye kibanda cha nyama choma. Unajua fito zilikuwa wapi? Motoni. Alikuwa amezipenyeza katika nyama na figo.

"Baba mdogo, hizi ni fito za randa ya guka!"

"Ati randa? Hiyo ni chuma tu, mami. Na haichomeki kama ya siku hizi. Ngoja nyama iive kwanza."

Nilingoja, nimesimama, na sikuonja hata kipande.

Visu vilikuwa fungu la baba yangu mwenyewe, na hapo ndipo nilipoona aibu. Kumi na tisa vilikuwa salama ndani ya soksi. Viwili vimegongomelewa kwenye kizingiti cha jikoni, vya kukwangua matope ya viatu vya mvua. Nashukuru kisu cha tuta hakikuwa miongoni mwa hivyo viwili. Baba alinitazama nikiving'oa akasema, "Si ungeuliza, ningekununulia kitu ya kukwangua viatu."

Jumapili baada ya kanisa niliwaita wote watatu kwa nyanya. Nilitandaza gunia uani. Nikapanga mwili, shavu, fito, mwongozo, kizuizi, visu. Nyanya alikuwa amekaa kwenye kiti chake na kabati lake nyuma yake. Nikaingiza kisu cha tuta mahali pake, nikanyoosha mkono kuchukua nati ya kukikazia, na mkono ukagusa gunia tupu.

Nati haikuwepo. Nilijaribu nyingine ya dukani, nyuzi zake zikakataa kuingiana. Bila hiyo nati kisu kinalegea, na randa ni uzito wa kuzuia mlango wa kuku.

Hapo nililipuka. Niliwaambia wazee wangu mambo ambayo mtoto hawaambii wazee. Kwamba babu aliwaachia mkono wake wakaukatakata. Kwamba wana watatu wamesoma na hakuna hata mmoja aliyejua anachokishika. Baba mdogo alianza kusema kitu, nikampigia kelele: "Kipepeo kiko wapi? Nani amekipoteza?" Na nikatupa funguo zangu juu ya gunia.

Nyanya ndiye aliyeinama, pole pole, akaokota zile funguo.

"Na hii iko na masikio?" aliuliza.

Nati ilikuwa pale kwenye pete ya funguo, imeng'aa kwa kushikwashikwa. Siku ile ya mafungu, kabla sijaenda kuosha vyombo, niliinyakua nikaificha kiganjani, kwa sababu nilimpenda babu na hakuna aliyenipa kitu. Nikatembea nayo shuleni, Nairobi, kazini, kila mahali. Kwa miaka hiyo yote ilikuwa imeacha kuwa nati. Ilikuwa kumbukumbu. Nililijua jina lake, na bado ikanipotea mkononi.

Nyanya hakunigombeza. Aliniwekea funguo kiganjani, akacheka kidogo.

"Kumbe hata wewe ulikula nyama yako," alisema.

Baba zangu wakainamisha vichwa, na hakuna aliyenicheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Niliifungua nati kutoka kwenye pete, nikakaza kisu, nikaanza kusukuma randa juu ya ubao wa podo niliouandaa kwa ukanda mpya wa kabati.