Kibao cha Shule ya Mkurugenzi

Wenzangu, mkijua asili ya neno, kaeni kimya.

Saa mbili asubuhi nimemaliza kuchora kibao cha shule mpya ya binafsi hapa Lushoto. Mkurugenzi, mwenye shule, anafika. Nampa shikamoo, haitikii. Anakitazama kibao.

"Fundi, futa 'Shule'. Hilo neno la kienyeji! Wazazi wanakuja saa nne kuandikisha watoto. Andika 'Akademi'."

Herufi zote zile, nifute? Nikajitetea.

"Mkurugenzi, 'shule' tuliachiwa na Wajerumani. Wao walilipata kwa Walatini, na Walatini kwa Wagiriki. Huko mwanzo lilimaanisha wakati wa mapumziko."

Ya mapumziko hakuyasikia kabisa.

"Kumbe la Ulaya! Liache. Tena likoleze rangi."

Saa nne akawahutubia wazazi.

"Shule yetu ni ya kimataifa. Hata neno lenyewe, 'shule', limetoka Ujerumani!"

Makofi. (Na mimi nilipiga.)

Bibi mmoja wa Mgwashi, aliyekuja na mjukuu wake, akainuka.

"Mwanangu, ile ya serikali pale kwetu nayo inaitwa shule. Nayo imetoka Ujerumani?"

"Ndiyo, bibi, lakini..."

"Basi asante. Huyu atasoma ya nyumbani, anaiendea kwa miguu."

Wazazi wengine wawili wakamfuata.

Sasa nimerudishwa juu ya ngazi. Naandika "Akademi".

Jamani, na hilo nalo ni la Wagiriki.

Nimwambie?