Mlonge wa Bibi na Chupa ya Dukani

Juzi binti yangu alitupa chupa yangu ya vidonge vya mlonge kwenye pipa la taka, jikoni kwetu hapa Toronto, akaniambia kwa Kiingereza chake: dawa za bibi yako zitakuua, Mama. Wee, nilichemka! Ni kweli nilikuwa nimetoka hospitali asubuhi hiyo, baada ya kuanguka kazini, kwenye ghala moja la Downsview. Nilikuwa nimemeza vidonge vya kisukari vya daktari, nikaongezea vya mlonge, tena tumbo likiwa tupu. Sukari ikashuka mpaka nikatetemeka mwili mzima. Kosa ni langu, nakiri. Lakini bibi yangu anaingiaje hapo?

Ngoja nikusimulie, rafiki yangu. Kwetu Muheza mlonge ulikuwa uani, nyuma ya jiko. Kazi yangu kila Jumamosi ilikuwa kupukutisha majani, kuyatandaza kwenye ungo kivulini, na kufukuza kuku. Ukiyaanika juani, utamjua bibi. Vidole vyangu vilinuka ubichi mpaka jioni. Wenye kisukari walikuja hata kutoka vijiji vya mbali, na hakuna aliyepewa kitu akiwa amesimama. Kwanza kigoda, kisha muhogo wa kuchemsha, kisha maswali: umekula nini jana, unaamka mara ngapi kukojoa, hospitali wamekupa nini?

Siku moja alikuja mwalimu wangu wa darasa la tatu. Alipotaja kwamba anameza vidonge vya hospitali, bibi akafunika mkebe wake wa unga wa mlonge.

"Fahali wawili hawakai zizi moja, Mwalimu. Kamuulize daktari kwanza."

Mwalimu alinuna, akaondoka akimwita bibi mchoyo, tena mbele yangu. Nilitamani ardhi inimeze. Bibi wala hakujali, akaniambia niendelee kupukutisha.

Haya yote nilimweleza binti yangu palepale jikoni, kwa Kiswahili, apende asipende. Chupa itupe, nikamwambia, daktari amenikataza na nimeacha. Lakini jina la bibi yangu halitupwi pipani, labda niwe nimekufa. Binti akaniuliza, safari hii kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, hao walioniuzia waliniuliza nini.

Nikakumbuka duka lile la Richmond Hill, taa nyeupe, chupa zimepangwa mpaka darini. Waliniuliza kama nataka mfuko. Mlonge siku hizi umejaa kila mahali, rafiki yangu. Wa kuninyima kama bibi ndiye nisiye naye tena.