Siku Kumi na Nne za Mama Kuku

Jina la Mama Kuku alipewa na majirani, na wala halikumuudhi. Uani kwake palikuwa na mbuzi watatu, bata jike mmoja mkali kushinda mbwa, na kuku arobaini na mmoja. Kuku hao wote walikuwa wa ukoo mmoja. Miaka tisa nyuma, dada yake mkubwa, akiwa kitandani siku chache kabla ya kufariki, alimwachia mtetea mmoja mwekundu. Kwa huyo mmoja wametoka hawa wote, hakununuliwa hata wa dawa. Mumewe, fundi baiskeli, alizoea kumtania: "Ukoo wa shemeji umejaa uani, wa kwangu wakija hata pa kukaa hawapati." Naye hucheka. Lakini akiwatazama wanavyoparura mchanga jioni, huona kama dada hajaondoka kabisa.

Hofu iliingia Jumatano asubuhi, ikipitia kwenye ua wa miti. Jirani yake, fundi cherehani, alisimama upande wa pili ameshika jogoo miguuni, kichwa kinaning'inia.

"Jirani, nimeamka na maiti saba. Saba! Huyu wa nane."

"Wana nini?"

"Wanapinda shingo kama wanaotafuta kitu mbinguni. Kinyesi kijani kama majani yaliyotwangwa. Afadhali wewe, si ulichanja Jumamosi?"

"Nilichanja," akasema Mama Kuku.

Lakini papo hapo alikumbuka beseni la maji la Jumamosi hiyo. Ile chanjo ya mdondo, ugonjwa huo wa kupinda shingo, aliyopewa huchanganywa kwenye maji ya kunywa. Daktari wa mifugo alimwambia awanyime kuku maji tangu jioni, ili asubuhi wawe na kiu, wayagombee maji yenye chanjo kabla hayajapoteza nguvu. Alifanya hivyo. Lakini Jumamosi ile kuku walichovya midomo mara moja mbili wakaenda zao. Kufika adhuhuri beseni lilikuwa bado limejaa. Akajiambia labda ni machungu, akamwaga, akanyamaza. Mtu akiogopa jibu, haulizi swali.

"Mwanangu, hebu njoo."

Aliyeita ni mama mkwe wake, aliyekuwa kaketi mlangoni pa jiko akichambua maharage kwa vidole, maana macho yake yalikuwa yamebakiza mwanga na kivuli tu. Ungo ulikuwa unatikisika mapajani.

"Nimemsikia jirani. Kuna neno sijakwambia. Jumamosi niliamka alfajiri, nikawasikia wanadonoa beseni kavu, ko, ko, ko. Nikasema, huyu mtoto amesahau. Kumnyima kiumbe maji ni dhambi. Nikawapa. Wakanywa mpaka wakashiba."

Mama Kuku akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Alitaka kupiga kelele. Akautazama ule uso uliogeuzwa upande ambao yeye hakuwepo, unaosubiri kipigo cha maneno.

"Hata mimi niliona maji hayajanyweka, mama," akasema mwisho. "Nikamwaga kimya kimya. Tumekosa wote."

Daktari wa mifugo alipigiwa simu, akafika kabla ya saa sita, lakini hakuingia. Alisimama barabarani na viatu vyake vya mpira. "Nimetoka nyumba nne zenye msiba, mama. Nikikanyaga humo nitakuletea mwenyewe." Akapitisha kichupa juu ya lango, kimefungwa kitambaa kibichi. "Hii ya matone. Tone moja jichoni, kila kuku, na umalize leo. Kuku hawatoki, wageni hawaingii."

"Watapona, daktari?"

"Aliyekwisha kuambukizwa, chanjo haimsaidii. Ambaye bado, kinga itaota kidogo kidogo. Hesabu siku kumi na nne. Zikipita salama, umevuka." Akajikuna kidevu. "Kosa ni langu pia. Niliwaambia mfanye nini, sikuwaambia kwa nini."

Mumewe alirudi mchana, mikono imejaa grisi, akasikiliza. Kisha akasema polepole, "Mchuuzi wa kuku anapita leo. Wangali wazima. Tungewauza, angalau..."

"Waende wapi, baba? Uani mwa nani?"

Mume akapangusa mikono kwenye suruali.

"Nitakuwa nimemuuzia mtu msiba, na Mungu ananiona. Kama ni kufa, wafie hapa."

"Basi nipishe nikaoge, nisije nikawa mimi ndiye mchawi," akasema yule mume, akaenda zake kusugua viatu kwa sabuni. Utani wake siku hiyo haukuchekesha mtu.

Kazi ya matone waliifanya wanawake wawili bandani. Kuku wa kwanza alipapatika mikononi mwa Mama Kuku hata tone la kwanza likaangukia mdomoni, la pili kwenye manyoya. Mama mkwe akasema, "Niletee mimi." Akawapokea mmoja mmoja, akawabana kwapani, akawafunika mabawa kwa kiganja, na hata yule jogoo mkorofi akatulia kama mtoto aliyeshiba. Yeye akishika, mkwewe akidondosha na kungoja jicho lipepese. Arobaini na mmoja. Walipomaliza, migongo ilikuwa imekufa ganzi.

Zikaanza siku za kungoja. Kila asubuhi Mama Kuku alisimama mbele ya banda, mkono juu ya komeo, asiweze kulivuta. Alisikiliza kwanza. Kuku akipiga chafya, moyo unaruka. Wakinyamaza, ndiyo mbaya zaidi. Alizoea kuomba kwa maneno mengi, akiwataja wagonjwa, wasafiri na wafiwa, lakini siku hizo sala ilimwishia kwenye neno moja: wabakize, wabakize.

Ng'ambo ya ua, sauti za kuku wa fundi cherehani zilipungua siku hadi siku. Siku ya tatu aliwika jogoo mmoja. Siku ya nne hakuwika yeyote.

Siku ya tano, alipofungua, mitetea wawili hawakutoka. Mmoja alikuwa keshakauka. Wa pili alikuwa amekaa kwenye kona, shingo imepinda, jicho linatazama darini. Jioni akafa huyo, na mwingine aliyekuwa mzima asubuhi. Mume akachimba shimo refu nyuma ya choo, akawazika na majivu juu. Mama Kuku akasugua banda kwa maji ya sabuni hadi kucha zikamuuma, na alipoinama akaona kijani kwenye mbao, akaanza kusugua upya.

Tangu siku ile mama mkwe hakutoka chumbani. Chai ilirudi ilivyokwenda. Akisemeshwa, hujibu, "Niacheni. Mikono yangu imeua." Mama Kuku sasa alikuwa na hofu mbili: moja bandani, moja chumbani. Hakujua itakayomshinda ni ipi.

Siku ya kumi ikapita. Ya kumi na moja kuku mmoja alizubaa juani, mabawa yamelegea, na Mama Kuku alimkodolea macho saa nzima mpaka ugali ukaungua. Kumbe alikuwa anaota jua tu. Akainuka, akajikung'uta, akamfukuza mende.

Asubuhi ya kumi na nne alivuta komeo huku amefumba macho. Walitoka wakigongana. Akawahesabu kwa kuwagusa migongo: thelathini na wanane. Akahesabu tena. Thelathini na wanane.

Akamkamata mmoja, akaenda naye hadi chumbani.

"Mama, zimetimia. Wamebaki thelathini na wanane, wote wazima."

"Usinidanganye kwa kunionea huruma."

Hakubishana. Akamweka kuku mapajani mwa bibi yule. Vile vidole vikongwe vikasita, kisha vikapanda taratibu: kifua, shingo iliyonyooka, upanga wa kichwani usio na joto baya. Akainamisha sikio mgongoni mwa kuku, akasikiliza pumzi. Na kuku, asiye na adabu ya chumba cha mkwe, akamnyea hapo hapo kwenye shuka.

Mama mkwe akashtuka, akanyanyua shuka kuelekea mwanga wa dirisha.

"Rangi gani? Sema kweli, mwanangu, siioni!"

Mama Kuku akainama, pua karibu iguse.

"Kahawia, mama. Na nyeupe kidogo juu."

"Si kijani?"

"Si kijani."

"Mungu ashukuriwe," akasema bibi, ameishika shuka chafu kwa mikono miwili kama mtu aliyepokea zawadi. Kicheko kikamtoka Mama Kuku ghafla, kikubwa, kikichanganyika na kilio, hata kuku akaruka mapajani akakimbilia mlangoni.